Stoo ya Mgongoni

Ninakaa South C, Nairobi, na siku yangu huanzishwa na ndege za uwanja wa Wilson. Mwaka 2014 za kwanza kuruka zilikuwa za miraa, zikikimbiza majani Mogadishu kabla hayajanyauka. Nyuma yake zilifuata zetu za msaada: chanjo, pampu za maji, wahasibu, manesi. Tulikuwa tukitaniana kwamba miraa haijawahi kuchelewa hata siku moja, na dawa ya malaria haijawahi kufika siku iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mwishoni mwa Januari mwaka huo nilishuka kutoka kwenye mojawapo ya ndege hizo, begi moja begani, vumbi bado kwenye nywele. Nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Ni karibu mno, na mwenye pikipiki alinung'unika njia nzima. Mlangoni nikatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, nikatoa usio wangu. Ulikuwa wa kufuli la stoo ya dawa, katika hospitali ndogo kusini mwa Bentiu, Sudan Kusini, ambako nilikuwa nimeamka asubuhi hiyo hiyo.

Mengi ya kazi ile nimeyasimulia, hata kanisani. Hili la ufunguo nimelikwepa.

Amani ya Sudan ilitiwa sahihi hapa hapa Nairobi, Uwanja wa Nyayo, tarehe 9 Januari 2005, John Garang wa waasi wa kusini upande mmoja na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum upande wa pili. Nilikuwa mwanafunzi wa unesi. Kutoka nyumbani ningeweza kwenda kwa miguu, lakini barabara zilifungwa, basi nikabaki na jirani yetu mmoja, mama wa Kijaluo aliyekuwa ameuza chai Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan, enzi ndege za msaada zilipokuwa zikitua na kuruka kutwa nzima. Aliangalia televisheni, akasema, "Sahihi ni wino tu." Nilimwona mama mwenye kisirani. Julai 2011 nchi mpya ikazaliwa, na mimi nikaenda kufanya kazi huko nikiwa na imani kubwa na wino.

Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 walinzi wa rais walianza kupigana wao kwa wao mjini Juba. Ndani ya siku chache jeshi lilikuwa limegawanyika, wengine kwa rais, Salva Kiir, wengine kwa Riek Machar, aliyekuwa makamu wake, na vita vikawa vimefika jimbo la Unity, kwenye visima vya mafuta. Bentiu ikatwaliwa, ikakombolewa, na watu wakaanza kuteremka kusini kwa miguu hadi kwetu, wakiwa na mikeka, watoto, na mbuzi waliosalia.

Watu wa Nairobi wakiniuliza kuhusu vita hutaka kusikia risasi. Risasi tuliziona, ndiyo, na nilijifunza kusafisha jeraha na kuliacha wazi siku kadhaa kabla ya kulishona, maana jeraha la vita ukilishona siku ileile unafungia uchafu ndani. Lakini wodi haikujaa kwa risasi. Ilijaa kuhara, vichomi vya watoto, malaria, na wajawazito waliotembea siku tatu. Vita huua hivyo zaidi: hukata maji, hukata lishe, hufunga zahanati, halafu ugonjwa wa kawaida unamaliza kazi.

Aliyeshika stoo alikuwa mzee wa Kinuer, mistari sita kwenye paji la uso kutoka sikio hadi sikio. Nitamwita Mzee wa Stoo, kama tulivyomwita wote. Alikuwa ameishi Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, miaka mingi, na huko ndiko alikotoa Kiswahili chake, Kiswahili cha kambi, kilichochanganyika na kila kabila lililopanga foleni ya unga. Mimi aliniita sista. Maboksi ya dawa aliyaita "hawa watu": hawa watu wa malaria wamebaki wachache, hawa watu wa kikohozi wamefika jana.

Wiki ya tatu ya Januari alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akasema tugawe stoo.

"Tugawe vipi?"

"Kwa mabegi. Kila mfanyakazi abebe yake. Siku ya kukimbia hakuna mtu atabeba hawa watu na boksi."

Alikuwa amekwisha piga hesabu. Chupa moja ya maji ya mshipa, lita moja, ina uzito wa kilo moja na ushee, na inatibu mgonjwa mmoja kwa muda mfupi. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa mgonjwa wa kuhara, ina gramu 20 na nusu, na inatengeneza lita moja ya maji ya kunywa. Kwa hiyo kilo ileile inayobeba chupa moja ingebeba pakiti karibu 50. Katoni ya lishe ya karanga ina pakiti 150, kila moja gramu 92. Mtu hawezi kukimbia na katoni, lakini pakiti 20 kwenye begi la mgongoni anaziweza, na mtoto mwenye utapiamlo mkali akipewa mbili tatu kwa siku ana nafasi ya kuivuka wiki hiyo. Dawa ya malaria, amoksilini, zinki, bandeji, vidonge vya klorini. Wagonjwa wa kifua kikuu na wa virusi vya ukimwi wapewe dawa zao za miezi mitatu mkononi, leo. Vya chupa viachwe. Vya kuhitaji friji viachwe. Alishakimbia vita mara nne, alisema, na mara zote nne alichokikosa hakikuwa bunduki.

Mimi nilikuwa na kadi za stoo. Asiyewahi kufanya kazi za msaada hawezi kujua kadi hizi zina uzito gani. Kila dawa ina kadi yake, na kila kadi ina safu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio, sahihi. Mkaguzi akija, haangalii mgonjwa, anaangalia kadi. Nilikuwa nimeingia stoo hiyo ikiwa fujo na kuinyoosha kwa miezi minane, na kusema kweli nilijivunia. Sasa mtu ananiambia nitoe dawa za maelfu ya dola, nizigawie watu thelathini waende nazo wasikojua. Nikamwambia bila sahihi hakuna dawa inayotoka. Nikamwambia tusubiri idhini ya ofisi ya Nairobi.

Alisubiri. Hakubishana hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Idhini ilikuja baada ya siku mbili, mchana. Tukaanza kugawa, mimi nikiwa mezani na kadi, kila mmoja akitia sahihi kwa kila dawa, na wasiojua kuandika wakitia dole gumba. Mistari saba au minane kwa kila mtu. Jua lilipozama tulikuwa tumefika nusu. Nikafunga kufuli, nikatia ufunguo mfukoni, nikasema kesho saa moja tumalizie.

Kesho saa moja ndege ilikuwa hewani. Redio ilitupa dakika arobaini. Wafanyakazi wa kigeni peke yao, begi moja kila mtu. Mkenya, kwa hesabu ya siku ile, alikuwa mgeni kamili. Nilikuwa nimejiona mwenyeji kwa sababu ya rangi yangu na ugali ninaokula, kumbe mwenyeji ni yule asiye na kiti kwenye ndege. Vijana wakafukuza ng'ombe kwenye uwanja wa kutua. Mzee wa Stoo alinibebea begi. Aliniambia nisalimie Kakuma, kama kwamba Kakuma ni mtaa wa Nairobi.

Wao waliingia kwenye vinamasi usiku uliofuata. Sudd ni bahari ya matete, na jina lenyewe lina asili ya Kiarabu, maana yake kizuizi. Huko gari halifiki, na askari hapendi kwenda. Watu walilala kwenye visiwa vidogo vya udongo, watoto wakikaa majini hadi shingoni pindi milio ikikaribia, wakila mizizi ya yungiyungi. Wagonjwa wetu walioweza kutembea walikwenda nao. Wasioweza walibebwa, isipokuwa wachache.

Alikuwa na simu ya setilaiti na kibao kidogo cha sola. Kwa makubaliano aliiwasha saa kumi na mbili jioni, kila siku ya pili, kwa dakika kumi. Basi kwa wiki saba kazi yangu ya dharura ilifanyikia kwenye balkoni ya orofa ya tatu, South C, nikiwa na daftari la shule na kalamu mbili, watoto wa jirani wakicheza mchezo wa kati chini yangu.

Siku ya kwanza niliongea kama kitabu. Watu wangapi wanahara? Wengi. Maji mnatoa wapi? Haya ya kukaa. Nikasema, "Chemsheni maji, mzee. Yachemke kabisa."

Akanyamaza hata nikadhani simu imekatika.

"Sista," akasema, "moshi."

Nilihisi aibu hadi masikioni. Moshi mmoja mchana, au mwanga mmoja usiku, na watu wenye bunduki wanajua mahali mlipo. Nilikuwa nimekaa nao mwaka mzima na bado ushauri wangu wa kwanza ungeweza kuwaua wote. Jumapili ile jirani alikuwa akichoma nyama uani, moshi ukapanda ukuta hadi kwangu, na nikajikuta nimesimama nikitaka kumpigia kelele auzime.

Baada ya hapo nilianza kuuliza kabla ya kusema. Wao walikuwa wamekwisha gundua kwamba alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji, moshi hauonekani. Kwa hiyo sufuria moja ilichemka kwa siku, alfajiri, na maji yale yaliwekwa kwa watoto na kwa vidonda. Mengine walichuja kwa vile vitambaa vilivyogawiwa vijijini miaka ya kupambana na mnyoo wa Guinea, kisha wakatia klorini. Mimi nilichoongeza ni kipimo tu: kidonge kimoja kwa ndoo ya ukubwa gani, mngoje nusu saa, na mkiona maji bado ni ya matope chujeni tena, maana klorini hufia kwenye matope. Kwa mambo ya namna hiyo nilifaa.

Jioni moja alisema kuna mama amejifungua na damu haikatiki. Nikaanza kumpa maelekezo naye akiyatafsiri kwa mkunga aliyekuwa kando yake: sugua tumbo chini ya kitovu hadi kizazi kiwe kigumu kama paji la uso, mtoto awekwe titini sasa hivi, mama akojoe, kibofu kikijaa kizazi hakikazi, angalia kondo la nyuma kama limetoka lote. Nilisikia Kinuer kirefu, kisha sauti ya mwanamke, fupi.

"Amefanya yote," akasema Mzee. "Anauliza kama uko na ingine."

Sindano ya oksitosini ilihitaji friji, na friji iliachwa. Vidonge vya kuzuia damu, vidogo hivyo, vya kutosha ngumi moja, vilikuwa kwenye nusu ya pili ya stoo, vikisubiri saa moja asubuhi ya kesho isiyofika.

"Sina ingine," nikasema. "Mwambie asiache kusugua."

Simu ikakatika. Siku nne haikuwashwa. Niliosha vyombo visivyo vichafu. Mama yangu alinipigia kutoka kijijini, akaniuliza mbona sauti yangu iko hivyo ilhali nimefika nyumbani salama, nikamwambia ni mafua. Siku ya tano Mzee akapiga akaanza na habari za betri, panya na matete, na ilinibidi nimkatize, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake si adabu.

"Yule mama?"

"Anatembea. Sisi wote tunatembea, tumehama."

Si kila jibu lilikuwa la namna hiyo. ORS iliisha wiki ya nne. Nikamwambia njia ya nyumbani ambayo kila mama wa Kenya anaijua, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji. Akaniuliza, bila kejeli kabisa, "Sukari, sista?" Chumvi walikuwa nayo kidogo. Tukakubaliana uji mwepesi wa mtama, wa kunyweka, na chumvi kidogo, upikwe kwenye ile sufuria ya alfajiri, kwa kuwa wanga nao hupeleka maji mwilini. Ulisaidia wengi. Watoto wawili haukuwasaidia. Katika stoo niliyoifunga kwa kufuli kulikuwa na pakiti 600 za ORS, na nilijua idadi hiyo kwa sababu kadi zangu zilikuwa safi.

Kufuli lenyewe, nilikuja kujua, alilivunja kwa shoka saa ile ile ndege ilipotoweka. Alitoa alichoweza, lakini wabebaji wengi walikuwa wameshatawanyika kutafuta watoto wao. Ile siku moja niliyoisubirisha ndiyo ingewakuta wote wako mahali pamoja. Sitaki kujipiga kifua kupita kiasi, idhini haikuwa mikononi mwangu peke yangu. Ila mezani, wakati wa kugawa, hakuna aliyenizuia kusema: chukueni, tutaandika baadaye.

Katikati ya Machi simu ilinyamaza moja kwa moja.

Tulirudi mvua zikiwa zimeanza, ndege ikateleza kwenye udongo mweusi hadi rubani akatusema sisi. Hospitali ilikuwa kuta. Magodoro hakuna, friji za chanjo zimetobolewa risasi, mafaili ya wagonjwa yametapakaa uani kama maganda ya mahindi. Watu walikuwa wakitoka kwenye matete wachache wachache, na waliojua kazi walikuwa tayari wamekaa chini ya mti wakiosha vidonda kwa kile kidogo kilichobaki kwenye mabegi. Hakuna aliyetungoja kuanza. Mzee wa Stoo alikuwa amekonda hata mistari ya paji la uso ilionekana imesogeleana.

Tangu hapo, kila nilikopelekwa, mabegi hupangwa wiki ya kwanza, kabla hata ya chandarua changu. Aprili 2024, Mto Mathare wa hapa Nairobi ulipofurika usiku na kubeba nyumba, kituo kimoja kilitaka vitu vyote viwekwe shuleni chini ya ufunguo wa mtu mmoja. Nilibisha hadi nikaonekana mkorofi. Klorini na ORS zililala nyumbani kwa akina mama wanane wa mtaa ule, wale wanaojua mlango wa nani umezingirwa na maji na ni nani ana mtoto mchanga. Mmoja aliniuliza aweke sahihi wapi. Nikamwambia tutaandika baadaye.

Nirudi kwa Mzee. Siku ile chini ya mti alifungua begi lake, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu, na ndani yake kadi za stoo. Zote. Alikuwa amezichukua pamoja na dawa, badala ya dawa nyingine ambazo angeweza kuzibeba, na katika kinamasi, miezi mitatu na zaidi, hakuna kidonge kilichotoka bila mstari wake. Aliyepewa alitia dole gumba kwa masizi ya sufuria. Tarehe zilikuwa sahihi hadi simu ilipokufa. Baada ya hapo aliandika mwezi: mchanga, nusu, mpevu.

Nilimuuliza kwa nini alijisumbua.

"Wewe ulisema bila sahihi hakuna dawa," akasema. "Nilijua utauliza."

Nilizileta Nairobi kwa sababu sheria ilitaka hivyo. Mhasibu, kijana mwenye adabu, alizipanga mezani akazipitia moja moja kwa rula. Miezi mchanga na mipevu ilimtatiza lakini akaikubali. Alipofika kadi ya ORS akasimama. Salio lilikuwa sifuri, na chini ya sifuri kulikuwa na mistari mingine kumi na moja, kila mmoja na dole lake la masizi.

"Dada," akasema, "hapa pameandikwa uji. Vikombe vitatu, uji. Uji umeingiaje kwenye kadi ya ORS?"

Nikamwambia auandike kama ulivyo.